Jina la Nguva Hutoka kwa Nani? Kuwapa majina watu wa majini katika hadithi za fantasia

Jina la nguva haliwezi kuchaguliwa vizuri kabla mwandishi hajajua ni nani aliyelitoa. Hapa ndipo miswada mingi ya vijana wa Kisumu wenye vipaji vya kweli inapokwama. Kijiji cha wavuvi kimechorwa vyema, harufu ya omena inayoanikwa unaisikia, mashua zinaingia Dunga alfajiri, halafu majini anaibuka binti anayeitwa Coralia au Aquarina. Papo hapo hadithi inahama. Coralia ni jina lenye matumbawe ndani yake, na katika Ziwa Victoria hakuna tumbawe hata moja, kwa sababu maji yake hayana chumvi. Mwandishi alitafuta jina linalosikika kimajimaji, akasahau kuuliza ni maji yapi na ni nani anayeita.

Pwani, nguva ni mnyama halisi anayenyonyesha na kula nyasi za baharini, na waliobaki katika maji ya Kenya, upande wa Lamu na Kiunga, ni wachache mno. Katika makala haya namzungumzia yule mwingine, mtu mwenye mkia wa samaki, wa kike au wa kiume. Nalitumia neno hilo kwa kuwa ndilo wasomaji walilozoea. Mhusika wa ziwani mwenyewe hana sababu ya kujiita nguva. Kwao wao ni watu tu.

Tuanze basi na mtoaji wa jina. Mhusika wa majini anaweza kuitwa na wenzake wa majini, au na wanaomtazama kutoka juu, na majina ya aina hizi mbili hayafanani hata kidogo. Orodha maarufu ya mabinti wa bahari ni ile ya mshairi Mgiriki Hesiod, aliyeishi karibu miaka 700 kabla ya Kristo. Anasema Nereus, mzee wa bahari, alikuwa na mabinti hamsini, kisha anawataja. Galene ni utulivu wa maji. Psamathe ni mchanga. Eulimene amebeba bandari njema ndani ya jina lake, Pontoporeia ni wa kuvuka bahari, Kymothoe ni wepesi wa wimbi. Yasome tena majina hayo ukijifikiria umeketi mashuani. Ni maombi ya baharia: maji yatulie, nivuke, nifike bandarini, nikanyage mchanga. Binti aliyezaliwa kilindini asingeona la ajabu katika bandari, kwani bandari ni haja ya mwenye chombo. Watu wa kaskazini ya Ulaya, waliosafiri katika bahari baridi na katili, waliyapa mawimbi tisa, mabinti wa Rán, mungu wa kike wa bahari, majina ya namna nyingine: Kólga ni baridi, na Blóðughadda ni mwenye nywele za damu. Mawimbi ni yale yale; aliyeyapanda ndiye mwenye hofu tofauti.

Kwa hiyo mwandishi anayemwita mhusika wake Wimbi au Povu amekwisha kuamua, hata kama hakukusudia, kwamba mhusika huyo anatazamwa kutoka juu. Uamuzi huo ni halali kabisa ikiwa msimulizi ni mvuvi. Ikiwa msimulizi ni nguva mwenyewe, jina linapingana na macho yake.

Mfano wetu mkubwa uko Gwassi, ufuoni Nyandiwa. Nyamgondho wuod Ombare, yaani mwana wa Ombare, alikuwa mvuvi maskini. Siku moja alivua mwanamke badala ya samaki, akamweka nyumbani, na mwanamke huyo akamletea utajiri wa ng'ombe usiowahi kuonekana. Utajiri ukampanda kichwani. Akawa mlevi, akawa mtu wa matusi, na usiku mmoja akamtukana mke huyo kwa kule alikotoka. Mwanamke akarudi ziwani na mifugo yote ikamfuata. Nyamgondho alibaki amesimama ufuoni, ameegemea fimbo yake, mpaka akageuka mti. Sasa tazama majina. Mwanamume ana jina, na baba yake pia ana jina. Mwanamke aliyebeba kisa chote mabegani, katika masimulizi mengi, hana. Huko Denmark nako, Hans Christian Andersen alipoandika mwaka 1837 kisa chake cha binti mdogo wa mfalme wa bahari, hakumpa jina, wala dada zake watano hakuwapa.

Pengo hilo linavutia, na anayetaka kulijaza ana haki. Ila alijaze kwa utaratibu wa boma ambalo mwanamke huyu aliingia. Mke katika boma la Kijaluo haitwi hivi hivi tu kwa jina alilozaliwa nalo. Aliyeolewa kutoka Gem huitwa nyar Gem, binti wa Gem. Aliyetoka Alego ni nyar Alego. Akimzaa Ochieng' anakuwa min Ochieng', na jirani mzungumzaji wa Kiswahili atamwita Mama Ochieng'. Basi aliyetoka ziwani angeitwa nini kama si nyar Nam, binti wa ziwa? Mama mkwe angemwita hivyo, wake wenza wangemwita hivyo, na wote wangekuwa wamemheshimu ipasavyo. Hata hivyo kila mara jina hilo linapotajwa, linataja alikotoka. Ndilo jambo lile lile ambalo mume mlevi atalitupa usoni pake usiku wa mwisho. Mwandishi aliyeliona hili hahitaji kubuni laana wala mwiko wa siri. Ana jina la heshima ambalo mlevi anaweza kuligeuza tusi bila kubadili hata herufi moja.

Nyar Nam, lakini, ni jina la juu tu. Chini halifai kitu, kwa kuwa huko kila msichana ni binti wa ziwa. Chini ana jina lingine, na pengine mumewe hajawahi kulisikia. Hivyo mhusika mmoja tayari ana majina matatu: la kuzaliwa, la kuolewa na la uzazi. Msomaji atajua nani yuko karibu naye kwa kusikia ni lipi linatumika. Jirani anapita: "Min Ochieng', umeamkaje?" Mama mkwe yuko jikoni: "Nyar Nam, niletee maji." Halafu jioni moja, akiwa ameinama ufuoni kuchota, anaitwa kwa lile la kwanza, na hakuna mtu nyuma yake. Katika sentensi tatu umesimulia ndoa nzima na hatari yake.

Saa za chini ya maji

Hilo jina la kwanza ndilo gumu, na ndilo linalostahili muda wako. Nyanza na nchi yote ya magharibi zina utajiri ambao waandishi wetu wanaukanyaga kila siku. Majina mengi ya Kijaluo ni kumbukumbu ya hali iliyokuwapo mtoto alipozaliwa, la kike likianza kwa A na la kiume kwa O. Akinyi na Okinyi ni wa asubuhi, Achieng' na Ochieng' ni wa jua likiwaka, Adhiambo na Odhiambo ni wa jioni, Atieno na Otieno ni wa usiku. Akoth na Okoth walikuja na mvua, Akech na Okech na njaa. Ayoo na Oyoo walizaliwa njiani, mama hajafika aendako. Pacha wa kwanza ni Opiyo au Apiyo, wa pili Odongo au Adongo, na mtoto anayewafuata pacha ni Okelo au Akelo. Kwa Wabukusu kuna mtindo wa karibu: Wafula na Nafula wa majira ya mvua, Wekesa na Nekesa wa mavuno, Simiyu na Nasimiyu wa kiangazi.

Kishawishi ni kulinyakua jina kama lilivyo na kumwita nguva Achieng'. Ngoja kidogo. Jua la saa sita linafika wapi katika Ghuba ya Winam? Maji ya ghuba yamejaa udongo unaoletwa na mito, na mwanga hauendi mbali. Anayeishi sakafuni hajui adhuhuri kama tunavyoijua sisi. Mvua haimlowanishi. Njaa ya Akech ni njaa ya shamba lililokauka, na Odero ni mtoto wa ghala la nafaka. Majina haya yote yana nchi kavu ndani yake. Kinachostahili kuchukuliwa ni ile sheria iliyoyazaa: mtoto huitwa kwa kile kilichokuwa kikitendeka alipofika. Ukiishika hiyo, swali linakuwa tamu. Huko chini hutendeka nini?

Hutendeka mengi. Wavuvi wa omena huingia ziwani usiku usio na mbalamwezi, huwasha taa juu ya maji na kungoja samaki wakusanyike kwenye mwanga. Kwa aliye chini, hizo ni nyota za karibu, zinazotikisika, zenye nyavu chini yake. Mtoto aliyezaliwa usiku wa taa atakumbukwa kwa hilo. Taa kwa Dholuo, lugha ya Wajaluo, ni taya; Ataya au Otaya ni jina ambalo msomaji wa Mbita au Usenge atalielewa mara moja, nalo limebeba uzuri na hatari kwa pamoja. Mafunjo ni togo: Atogo alizaliwa pembezoni, kwenye mashina yaliyosongamana, mahali ambapo watu wa maji wanaweza kuonwa na watu wa nchi kavu. Mchanga ni kuoyo: Okuoyo ni mtoto wa maji ya kina kifupi, na kama watu wako wanauogopa ufuo, jina hilo ni doa analotembea nalo. Mawimbi ni apaka, neno ambalo tayari limeanza kwa A. Lakini kumbuka tuliyoyasema juu ya wimbi. Kwa watu wa chini, mawimbi ni mambo ya darini, na msichana aitwaye Apaka lazima mama yake alikuwa juu mno siku ile. Kwa nini alikuwa juu? Hapo una sura nzima ya hadithi.

Mvua yenyewe haipotei. Inabadilika kuwa sauti, mlio unaotoka juu pande zote kwa wakati mmoja. Kwa hiyo Akoth anaweza kubaki Akoth chini ya maji ikiwa mwandishi ataeleza kwamba kwao mvua husikika na haionekani. Hiki ndicho kipimo ninachokitumia kwa kila jina la nchi kavu linalotaka kuzama: je, tukio lake linafika chini? Likifika kwa sura nyingine, jina linaishi na linapata maana mpya. Lisipofika, liache juu.

Majina haya nimeyaunda kwa kufuata kanuni. Sikuyachukua katika ukoo wa mtu yeyote. Anayeunda yake ayasikilize pia kwa sikio la jirani. Kisiwa ni chula, na Ochula lingependeza kwa mvulana aliyezaliwa kwenye miamba ya Mfangano, ila liko karibu mno na Ochola, jina linalohusishwa na maombolezo, na msomaji Mjaluo atalisoma la pili kabla hajalifikia la kwanza. Kama unataka msiba uingie, vizuri. Kama hutaki, tafuta lingine.

Kuna tabaka la pili la majina ambalo naliona kuwa lenye nguvu kuliko yote kwa hadithi za namna hii. Ni nying juogi, jina la aliyetangulia. Mtoto analia bila kunyamaza, wazee wanataja majina ya marehemu wa ukoo mmoja baada ya mwingine, na lile litakalomnyamazisha ndilo lake. Pengine marehemu hutokea ndotoni na kuomba akumbukwe. Sasa lichukue hili ulishushe ziwani, ujiulize kuhusu waliozama. Wavuvi huzama. Miili mingine haipatikani, na nyumbani watu hukaa bila kaburi. Je, ikiwa mtu wa aina hiyo, aliyelala sakafuni bila kuzikwa, anamwendea mama wa majini ndotoni na kuomba jina lake? Mtoto wa majini ataitwa Otieno, Otieno kamili wa nchi kavu, pamoja na jina la baba asiye wake. Hapo lile jina la kawaida tulilolikataa linarudi kwa haki, na linatisha zaidi ya jina lolote la kubuni. Siku mvulana huyo atakapojitaja kwa mvuvi juu ya maji, mvuvi anaweza kuwa mdogo wa yule marehemu.

Sauti

Sauti husafiri majini kwa takriban mita 1,480 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Kwa sababu hiyo binadamu aliye chini ya maji husikia vizuri lakini hushindwa kujua sauti imetoka upande gani, kwani inafika masikio yote mawili karibu kwa wakati mmoja. Fikiria jamii inayoishi hivyo. Kusikia unaitwa hakukusaidii kama hujui anayekuita yuko wapi na ni nani. Huenda wangezoea kutaja majina mawili kila wakati, la anayeitwa na la anayeita. Sisi tuna kielelezo cha karibu katika pakruok, ile desturi ya mtu kujitaja na kujisifu mbele ya watu ngoma ikiendelea, ambapo jina la sifa lina uzito kuliko la kawaida. Watu wa majini wanaojisifu kila wanaposalimiana wangekuwa na mazungumzo yasiyofanana na ya hadithi nyingine yoyote.

Pomboo wamekwenda mbali zaidi. Kila pomboo wa aina inayojulikana zaidi huunda mluzi wake wa pekee akiwa mdogo, na utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofanywa katika maji ya Scotland, ulionyesha kwamba pomboo akisikia mluzi wake mwenyewe ukipigwa huitikia, ilhali ya wengine huipuuza. Ni jina kwa maana kamili, na halina konsonanti hata moja. Hili linamgusa mwandishi, kwa kuwa sauti kama p, t na k hutokana na kuzuia hewa mdomoni kisha kuiachia. Ikiwa watu wako hawana hewa kinywani, Ataya na Atogo hayatamkiki huko chini. Utabaki na m, n, ng', l, w na irabu, au mvumo wa koo tu. Lakini Dholuo ni lugha yenye toni, kwa hiyo jina likivumishwa na mdomo umefungwa bado linahifadhi wimbo wake wa kupanda na kushuka. Unaweza kuamua kwamba jina halisi ni wimbo huo, na Ataya ni namna ambavyo masikio ya wavuvi yamelishika. Au unaweza kuamua kwamba wanazungumza kama sisi, bila maelezo, na hadithi nyingi nzuri zimefanya hivyo. Lisilovumilika ni kuwapa sheria ya mvumo katika sura ya pili na kuisahau kufikia ya tano.

Katika orodha za majina utakutana na Ligeia na Parthenope wakipendekezwa kwa nguva wa kike. Hao ni Siren, viumbe wa hadithi za Kigiriki walioimba kuwavuta mabaharia, ambao katika michoro ya kale walikuwa nusu ndege. Mikia ya samaki walipewa baadaye sana. Kwa wanaume utaelekezwa kwa Triton, ambaye ni mwana wa Poseidon, mungu wa bahari, na Amphitrite na huja na ukoo wake wote mgongoni. Hapa utaratibu wa O na A una faida ambayo Wagiriki hawakuwa nayo. Otaya na Ataya wana mzizi mmoja, usiku mmoja, taa zile zile. Nguva wa kiume hawi kiongezeo kinachotafutiwa jina la kishujaa mwishoni. Anatoka katika tukio lile lile na dada yake.

Umri wa jina

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni kwamba majina yana umri. Mbuta, samaki mkubwa anayekula wengine, haikuwa katika ziwa hili mpaka ilipoingizwa miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 ilikuwa imeenea na kuwamaliza fulu, samaki wadogo wa mamia ya aina. Kwa watu wanaoishi ndani ya maji, hilo lingekuwa tukio kubwa kuliko vita vyovyote vya nchi kavu. Bibi kizee wa majini hawezi kuitwa kwa jina la mbuta. Anaweza kuitwa kwa jina la fulu ambaye hayupo tena, na vijana wasijue jina lake linataja nini. Wajukuu waliozaliwa miaka ya 1990, gugu maji lilipofunika sehemu kubwa ya ghuba upande wa Kisumu, walizaliwa chini ya dari la mizizi, gizani mchana kutwa, na majina yao lazima yawe na giza hilo. Koo nazo zinaweza kugawanywa kwa samaki: ukoo wa ngege waliokuwa wengi na sasa ni wachache, na ukoo wa kamongo, samaki ambaye hulazimika kupanda juu kuvuta hewa, na ambaye kwa hiyo anafaa sana kuwa nembo ya wale wanaokwenda na kurudi kati ya dunia mbili.

Lugha pia zina umri. Visiwa vya Mfangano na Rusinga ni nchi ya Abasuba, waliotoka upande wa Uganda, na wengi wao leo huzungumza Dholuo. Familia ya majini iliyoishi kando ya visiwa hivyo ingefuata mkondo huo huo: mababu wenye majina ya sauti ya Olusuba, watoto wenye O na A. Msomaji wa Sena au Takawiri atayaona mabadiliko hayo katika kizazi kimoja cha wahusika na kuyatambua, hata kama hukuyaeleza. Jina Victoria, kwa upande mwingine, lilitolewa na msafiri Mwingereza John Hanning Speke mwaka 1858. Mhusika wa kilindini hawezi kulitumia bila sababu. Kwake ni Nam Lolwe, au ni Nam tu. Na reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, mahali hapo paliitwa Port Florence, kwa jina la mke wa mhandisi wa reli. Mzee wa majini ambaye hakupanda juu tangu wakati huo anaweza bado kuuita mji wetu Florence, na sentensi moja ya namna hiyo humweleza umri wake vizuri kuliko ndevu ndefu.

Maji mengine yana mantiki nyingine. Mto Nzoia unaposhuka Budalang'i huijua mvua kwa nguvu kuliko shamba lolote, kwa sababu ndio unaovunja kingo. Watu wa majini wa mtoni, basi, wanaweza kuwa Wafula na Nafula bila kubadilishwa chochote. Wa Lamu wana kupwa na kujaa, bamvua na maji mafu, kusi na kaskazi, kalenda nzima ambayo ziwa halina. Ziwa Nakuru lina magadi na mwangaza wa heroe, na sijui kwa nini hakuna aliyewaandikia watu wake majina bado. Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay, ni ziwa la kijiji kilichozama baada ya kumnyima bibi kizee pa kulala usiku wa sherehe. Kama kijiji hicho bado kinaishi chini, wakazi wake hawahitaji jina lolote la majini. Walizama na majina yao, na huenda wameyashika kwa ukaidi, wakiwaita watoto wao Achieng' mahali ambapo jua halijafika tangu usiku ule.

Limebaki suala la majina ambayo yana wenyewe. Yemoja, mungu wa kike wa maji wa Wayoruba, anaabudiwa hadi leo Nigeria, Brazili na Kuba. Kumgeuza kuwa binti wa shule mwenye mkia ni kuingia nyumbani kwa watu bila hodi. Mukasa ni jina la mwenye ziwa katika imani ya Waganda, na pia ni jina la watu wengi walio hai. Mumbo ni karibu zaidi nasi: mwaka 1913 Onyango Dunde wa Alego alisema nyoka mkubwa wa ziwani alimmeza na kumtapika mzima, akampa ujumbe wa kuwakataa Wazungu, na vuguvugu lililotokana na hilo likaenea mpaka kwa Abagusii kabla ya serikali ya kikoloni kulikandamiza. Anayetaka kuliweka jina la Mumbo katika hadithi analeta historia hiyo yote mezani, na lazima aijue. Omieri, chatu wa Nyakach, alipokufa mwaka 1987 baada ya kuungua, watu walimlilia kwa dhati, kwa kuwa walimhesabu kama mleta mvua. Jina lake halijapoa.

Nyamgondho naye ana mahali pake, na Nyandiwa bado watu huonyeshwa mti. Ningemshauri mwandishi amwache mvuvi huyo na jina lake pale Gwassi, amchukue mwanamke wa ziwani ampe mvuvi mwingine, bichi nyingine na jina lake mwenyewe la kuzaliwa. Akishalipata, amwombe mzungumzaji wa Dholuo mwenye umri mkubwa alitamke kwa sauti kubwa, kama anayemwita mtu aliye mbali juu ya maji, kwa sababu toni haionekani kwenye karatasi na jina zuri linaweza kuwa tusi likipanda mahali ambapo lilipaswa kushuka.